Umeme Unapokosa Mlaji

Hotuba iliyosomwa Kariakoo, Dar es Salaam, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu cha Ushirika



Sisi wa Kamati ya Maghala twashukuru kupewa nafasi ya kusema mbele yenu siku ya leo. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kuieleza miaka kumi ya Chama hiki, na hatuna haja ya kuongeza sukari katika chai iliyokwisha kukolea. Sisi tumeagizwa kueleza jambo moja ambalo wajumbe wametuuliza katika mikutano mingi ya vyama vya msingi, kisha tuwaombe uamuzi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme. Mashine za kusaga zilisimama, maziwa yaliharibika, na hapa Kariakoo jenereta zilinguruma vibarazani toka asubuhi hata usiku. Kisha, mwezi wa Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji uliwashwa. Na mwezi wa Machi mwaka huo huo Shirika la Umeme, TANESCO, likatangaza kwamba limezima vituo vitano vya kufua umeme kwa maji, kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko watumiaji. Wajumbe wakauliza: Yawezekanaje mtu aliyekuwa na njaa mwezi wa kumi na mbili awe anamwaga chakula mwezi wa tatu? Na huo umeme uliokosa mlaji, kwa nini haukutufikia sisi kwa bei nafuu?

Swali la kwanza lina jibu la ufundi, na twaomba uvumilivu wenu tulieleze, kwa maana asiyelielewa hilo hatajua tunaomba nini mwishoni.

Kila aliyeketi hapa analijua soko. Malori ya nyanya yakiingia mengi usiku mmoja, bei huanguka kabla ya jua kuchomoza, na zilizobaki jioni hutupwa. Lakini nyanya zina heri, kwani hungoja siku mbili tatu. Umeme haungoji hata nukta moja. Unaofuliwa sasa hivi sharti uliwe sasa hivi. Watu wa zamu wanaoongoza gridi ya Taifa pale Ubungo hufanya kazi kama ya mpima mzani: upande mmoja imo mitambo yote ya nchi, upande wa pili tumo sisi na taa zetu, feni, pasi na viwanda. Mitambo hiyo yote huzunguka kwa mwendo mmoja unaolingana, nao hupimwa kuwa mapigo 50 kwa kila nukta. Watumiaji wakizidi, mwendo hulegea. Watumiaji wakipungua ghafula, mitambo hukimbia kupita kiasi, na kila mtambo una kinga ya kuukata usije ukaharibika. Mmoja ukikatika, mzani hulala upande wa pili, na mingine yaweza kufuata mpaka nchi nzima ikaingia gizani. Watu wengi hudhani giza huletwa na upungufu peke yake. Wingi nao huleta giza.

Sasa tazameni ukubwa wa jambo. Mtambo mmoja wa Rufiji wafua megawati 235, sawa na pasi za nguo zipatazo 235,000 zikiwashwa pamoja. Kidatu, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa nguzo ya nchi, ni megawati 204. Basi siku ulipowashwa mtambo mmoja tu wa Rufiji, ilikuwa kama tumejengewa Kidatu nyingine na zaidi, kwa pigo moja. Mitambo yote iko tisa, nayo jumla yake ni megawati 2,115. Wa mwisho uliingizwa katika gridi mwaka 2025. Tena mwanzo huo ulikuja wakati mvua za El Niño zimejaza mito yote. Maji yalikuwepo, mitambo ilikuwepo, na walaji walikuwa wale wale wa jana.

Umeme wa kwanza wa mji huu uliletwa na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wao. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka mia, mazungumzo yetu yote juu ya umeme yamekuwa ni ya kuukosa, na elimu yote tuliyopewa ilikuwa ya neno moja: punguza. Zima taa, punguza pasi, okoa uniti. Elimu hiyo haijafutwa, hasa saa za magharibi. Ila sasa kuna elimu ya pili, nayo ni kujua ni saa gani ya kutumia.

Twende Kariakoo yenyewe. Mtu akipanda ghorofani katika Mtaa wa Msimbazi au wa Lumumba akatazama mapaa, ataona matangi meusi ya maji, madishi ya televisheni, na siku hizi paneli za jua. Wenye maduka wengi walizinunua wakati wa mgawo, na wafanyabiashara wa mikoani huja hapa hapa kuzinunua wakazipeleka vijijini. Hatulaumu hata kidogo. Mwenye friza iliyojaa samaki hawezi kungoja ahadi. Wala hatusemi kwamba wingi wa umeme wa mwaka 2024 ulitokana na paneli hizo. Ule ulitoka kwenye maji, na paneli zetu bado ni kidogo mbele ya Rufiji. Lakini tazameni kwa wenzetu jinsi jambo hili linavyokua. Katika mwaka 2024 peke yake nchi ya Pakistani iliingiza paneli za megawati zipatazo 17,000, ambazo kwa ukubwa wa mitambo ni kama Bwawa la Nyerere mara nane, ingawa paneli hulala usiku. Watu walizinunua wenyewe, duka kwa duka na shamba kwa shamba, kwa sababu umeme wa gridi ulikuwa ghali. Gridi ikabaki na deni la mitambo iliyojengwa na wateja wanaopungua.

Huko Australia ya Kusini, ambako zaidi ya theluthi ya nyumba zina paneli, tarehe 11 Oktoba 2020 nguvu ya jua peke yake ilitosha mahitaji yote ya jimbo kwa muda wa saa moja ya mchana. Watu walifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini tarehe 14 Machi 2021 wakuu wa gridi iliwabidi waamuru baadhi ya paneli za majumbani zizimwe kwa muda, kwa kuwa walaji walikuwa wachache mno na mzani ulikaribia kupinduka. Fikirini: mtu amejinunulia paneli kwa fedha yake, jua linawaka, naye anazimiwa.

Hapa kwetu ni saa gani walaji huwa wachache? Matumizi ya Dar es Salaam hupanda magharibi, watu warudipo nyumbani, taa na feni na televisheni zikawashwa kwa pamoja. Hushuka usiku wa manane. Wakati wa joto, toka Desemba hata Machi, viyoyozi vya maofisi kutoka Posta mpaka Magogoni hula umeme mchana kutwa. Kipupwe kikiingia, mwezi wa Juni na Julai, viyoyozi hupumzika, na huku jua lingali linawaka kama kawaida. Ongezeni hapo Jumapili au siku ya Idi, maduka mengi ya Kariakoo yamefungwa na viwanda vimenyamaza. Mchana wa siku kama hiyo ndio utakaotusumbua kwanza, paneli zitakapokuwa nyingi. Hata mtaa mmoja peke yake waweza kuona taabu kabla ya nchi: paneli nyingi zikisukuma umeme katika waya mmoja mwembamba na hakuna anayeutumia, volti hupanda kupita kiasi, na inveta za majirani hujizima zenyewe moja baada ya moja.

Watu wengine husema: kama hivyo ndivyo, jua ni adui wa Rufiji, tumekwisha kujenga bwawa, paneli za nini? Sisi hatukubaliani nao, na twapenda kueleza kwa lugha ya soko. Maji yaliyo bwawani ni kitunguu. Jua ni mchicha. Mchicha wa Bonde la Msimbazi usipouzwa leo, kesho ni takataka. Kitunguu hukaa ghalani kikangoja bei. Mwenye nyumba mwenye akili hupika mchicha kwanza, kitunguu akakiweka. Bwawa la Nyerere laweza kushika maji ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Hakuna betri ya namna hiyo popote katika nchi hii. Mchana jua likilisha nyumba zetu, maji hubaki bwawani yakangoja saa moja ya usiku, wakati kila mtu anawasha taa. Kwa hiyo vitu hivi viwili ni ndugu, maadamu bwawa lina nafasi. Taabu huja wakati wa masika, bwawa likiwa limejaa na maji hayana budi kuachiwa yapite, yawe yamefua umeme au hayakufua. Wakati huo mchicha na kitunguu vyote vimeoza pamoja. Wakati huo ndipo nchi huhitaji mlaji awezaye kula saa anayoambiwa.

Majirani zetu wamekwisha kukutana na mambo haya. Kule Olkaria, nchini Kenya, umeme hufuliwa kwa mvuke utokao ardhini, na visima vya mvuke havifungwi na kufunguliwa kama bomba la maji. Basi usiku, walaji wakipungua, mvuke mwingine huachiwa ukaenda hewani. Ndiyo sababu, kuanzia Desemba 2017, Kenya iliweka bei ya saa za usiku kwa viwanda na wafanyabiashara wakubwa: anayezidisha matumizi yake toka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi alipunguziwa nusu ya bei ya uniti. Uganda nayo imewahi kulipia umeme ambao haikuutumia, kwa kuwa mikataba yataka mtambo ulipwe ukiwa tayari, uwe umetumiwa au haukutumiwa. Hapa kwetu, mwezi wa Machi 2025, Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, na watu wengi wakashangaa: tuna Rufiji, twanunua nini? Jibu lilikuwa njia: umeme husafiri mbali kutoka kusini mashariki mpaka Kilimanjaro na Arusha, na mwingi hupotea njiani. Mkulima hashangai hapo, kwani amewahi kuona mahindi yakioza mkoa mmoja na mkoa wa pili una njaa, kwa kukosa barabara.

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Mlaji anayeweza kungoja ni nani? Taa haiwezi kungoja. Mtu hawezi kuwasha taa mchana ili aone usiku. Mgonjwa hospitali hawezi kungoja. Lakini kazi nyingi za ushirika zaweza kungoja, na kwa hizo tumefanya hesabu, kwa sababu hatukutaka kuja hapa na maneno matupu.

Tulianza na maji, kwani kila ghorofa ya Kariakoo ina pampu na tangi. Kupandisha lita 5,000 mpaka juu ya ghorofa ya nne, mita 15 hivi, kwahitaji kama nusu uniti tu, pamoja na upotevu wa pampu. Ni jambo jema kupandisha mchana badala ya magharibi, na tumewaambia walinzi wetu wafanye hivyo, lakini hakuna utajiri hapo. Shambani ni tofauti kidogo: mita za ujazo 100 za maji ya kumwagilia, zikivutwa kutoka kina cha mita 20, zitakula uniti kumi hadi kumi na nne kulingana na uzuri wa pampu, na shamba laweza kuzihitaji kila siku ya kiangazi. Karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimekwisha kufikiwa na nguzo za umeme. Pampu za dizeli zitaanza kubadilishwa, na ni vizuri zikabadilishwa zikiwa na mahali pa kuhifadhi maji, ili zifanye kazi saa sita mchana na bustani ikanywa jioni.

Jambo lililotushtua ni barafu. Kugandisha tani moja ya maji ya hapa pwani, yenye joto la nyuzi 30, kwahitaji uniti 50 hadi 80 kwa kutegemea mtambo. Na tani hiyo ikiyeyuka humeza joto la uniti 93 hivi. Barafu basi ni betri. Haiwaki moto, haitaki fundi kutoka ng'ambo, na kila mvuvi anajua kuitumia. Nendeni Magogoni, kwenye Soko la Samaki la Feri, mkatazame mahali barafu inapohitajiwa: jioni kwa vyombo vinavyotoka, na alfajiri kwa samaki wanaoshushwa. Hapa Kariakoo malori ya mboga huingia usiku, na mboga huanza kunyauka ifikapo saa nne asubuhi. Barafu iliyogandishwa saa sita mchana wa leo, kwa jua la paa letu, au saa tisa za usiku kwa maji ya Rufiji yasiyo na mlaji, yaweza kuweka chumba cha mboga baridi siku nzima ya kesho bila mashine kuwaka saa za magharibi. Beda Amuli alipolichora Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, alilipa mapaa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, ili yakinge maji ya mvua na kuyahifadhi. Sisi twaomba kukinga baridi kwa namna hiyo hiyo.

Mashine za kusaga tumezifikiria kwa muda mrefu zaidi, na hatukufika mwisho. Kwa hesabu ya umeme, kusaga mchana ni bora: unga hukaa, mahindi hungoja. Lakini mama atokaye shamba saa kumi jioni hupeleka debe lake kinuni saa kumi na moja, naye anataka unga wa ugali wa usiku ule ule. Hatuwezi kumwambia arudi kesho kwa sababu ya mapigo 50 ya Ubungo. Pengine kinu cha chama cha msingi chaweza kumpa unga uliosagwa mchana, kikapokea mahindi yake badala. Vyama viwili vimesema vitajaribu. Tutawaarifu.

Na hapa ndipo tunapokutana na ukuta. Mwanachama akiyafanya hayo yote, akaacha magharibi, akagandisha usiku wa manane, atapata nini? Hapati kitu, kwa sababu LUKU haijui saa. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti izidiyo hapo shilingi 350; mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ni bei ile ile saa mbili usiku, nchi ikiwa imebanwa, na saa tisa usiku, mitambo ikiwa imezimwa kwa kukosa kazi. Friza moja ya kawaida hula uniti moja hadi mbili kwa siku, yaani 30 hadi 60 kwa mwezi. Ongezeni taa, redio, feni na simu: mama lishe au mwuza samaki amekwisha kukanyaga uniti ya 76. Hiyo uniti ya 76 ndiyo inayomzuia kununua friza. Kwa hiyo nchi inatafuta mlaji wa umeme, na mlaji yupo, amekaa mlangoni, lakini mlango una bei ya kumfukuza.

Msitufahamu vibaya. Hatusemi bei ya shilingi 100 iondolewe. Ndiyo taa ya mtu maskini, na anayetaka kuigusa atatukuta. Tunaloliomba ni saa ziongezwe juu yake: kwamba uniti zitumiwazo katika saa za ulegevu, kwa friza, barafu au pampu, zisihesabiwe katika zile 75, au zipewe bei ya nusu kama walivyofanya Kenya kwa viwanda vyao. Tani ya barafu ya uniti 60 hugharimu shilingi 17,520 kwa bei ya 292, bila kodi. Kwa nusu bei ni shilingi 8,760. Tofauti hiyo ndiyo kati ya mboga kutupwa na mboga kuuzwa. Kwa TANESCO nayo, shilingi 146 kwa uniti ambayo ingepotea na maji yake ni bora kuliko sifuri. Yataka mita zinazojua saa, nazo zina gharama, lakini Chama chaweza kuanza na mita moja kwenye ghala lake, na kushuhudia kwa hesabu mbele ya EWURA, badala ya kupeleka manung'uniko.

Yapo mambo mawili ambayo wajumbe wamebishana nayo sana, na haitufai kuyafunika siku ya sherehe.

La kwanza: wako wanaotaka fedha ya akiba itumike kufunga paneli juu ya paa lote la ghala, tuuze umeme mchana kwa gridi, mita irudi nyuma, na kila mwaka wanachama wagawane. Kamati haiungi mkono. Saa sita mchana ndiyo saa ambayo kila mwenye paneli atauza. Ni kupeleka nyanya sokoni siku ambayo kila mtu amepeleka nyanya. Tena kuna haki ndani yake. Nguzo, waya na transfoma hulipwa kutokana na uniti tunazonunua sote. Mwenye paa akirudishiwa uniti yake kwa bei kamili, gharama za nguzo hubaki kwa wasio na paa, nao ni wapangaji wa chumba kimoja wa Kariakoo, Buguruni na Mbagala, ambao ndio wanunuzi wa mboga zetu. Twashauri paneli zifungwe kwa kadiri ya kazi tuliyo nayo mchana, yaani mtambo wa barafu na pampu, zisizidi. Zikizidi siku chache za kipupwe, hasara hiyo ni ndogo.

La pili ni la nani atakayeshika swichi. Katika New Zealand na Afrika Kusini, kwa miaka mingi sasa, hita za maji ya kuoga hupelekewa ishara kupitia waya ule ule wa umeme, zikazimwa saa za msongamano na kuwashwa saa za ulegevu. Mwenye nyumba hana habari, kwa kuwa maji yangali moto. Wataalamu wamependekeza friza za wanachama zifanyiwe vivyo hivyo kutoka ofisi kuu. Wanachama wengine wamesema waziwazi kwamba hawataki mkono wa mtu mwingine kwenye friza zao, na sisi twaona wana haki ya kuogopa. Friza ya mwanachama ndiyo mtaji wake wote. Kwa sababu hiyo tumeandika masharti: hakuna anayeingizwa isipokuwa kwa sahihi yake, mashine haizimwi zaidi ya saa mbili mfululizo, friza iliyofunguliwa mara nyingi au yenye joto la kupita kiasi hujiwasha yenyewe bila kungoja amri, na kila moja itakuwa na kitufe chekundu ambacho mwenyewe akikibonyeza, amri ya ofisi haina nguvu mpaka kesho yake, wala haulizwi kwa nini. Tena hazitawashwa zote kwa dakika moja. Mnajua jinsi taa zinavyofifia mtaani umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa sababu kila mota inaanza pamoja. Friza mia tatu zikipokea amri moja zaweza kuleta fujo kubwa kuliko ile tunayotaka kuiondoa. Zitaamshwa kwa mafungu, kila fungu na dakika zake.

Kuna mjumbe aliyetuuliza, kwa nini ushirika ujitie katika mambo ya gridi, wakati kazi yetu ni mazao. Twamjibu kwamba friza moja haina uzito wowote pale Ubungo. Hakuna mtu wa zamu atakayeishughulikia. Friza za wanachama wote, pamoja na mtambo wa barafu na pampu za mashamba, zikisema kwa sauti moja, ni mlaji wa kuheshimiwa, naye aweza kuketi mezani akazungumza bei. Ndivyo tulivyoanza na kilo za mazao miaka kumi iliyopita; hakuna mnunuzi aliyetaka kuzungumza na mwenye gunia moja.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yaleta maombi matatu. Kwamba sehemu ya ziada ya mwaka huu, iliyokusudiwa kununua jenereta ya pili, itumike kwa mtambo wa barafu na chumba cha baridi katika ghala la Kariakoo, pamoja na paneli za kuutosha mtambo huo. Kwamba Katibu aruhusiwe kuandika kwa TANESCO na kwa EWURA kuomba mita yenye kujua saa na bei ya saa za ulegevu kwa vyama vya ushirika, na barua hiyo isomwe kwa wajumbe kabla ya kupelekwa. Na kwamba masharti ya friza yajaribiwe kwa wanachama wa hiari peke yao, kwa msimu mmoja wa kipupwe na mmoja wa kaskazi, ndipo Mkutano Mkuu uamue kama yaendelee.

Jenereta tuliyo nayo itabaki mahali pake. Karatasi za kura ziko mlangoni kwa Bwana Mhasibu, nyeupe kwa ndiyo na njano kwa hapana, na masharti ya friza yamebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Anayetaka kuuliza jambo juu ya hesabu ya barafu, wajumbe wawili wa Kamati watakuwa kando ya mzani mpaka saa saba.